Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Gavana wa Nairobi: umri usiwe kisingizio cha kutokagua mdomo

Waheshimiwa,

Mimi ni afisa wa afya ya kinywa katika kituo cha afya cha umma upande wa Eastlands. Siku yangu huishia katika kung'oa meno, kuziba, kusafisha, na kuandika rufaa kwa wale ambao shida yao inapita uwezo wa chumba changu. Nawaandikia nyote wawili katika barua moja kwa sababu tangu afya igatuliwe mwaka 2013, mgonjwa wa saratani ya kinywa amekuwa wa kila mtu na hana mwenyewe. Zahanati anakoanzia ni ya kaunti. Hospitali kubwa anakomalizia ni ya serikali kuu. Njia ya kutoka huku kwenda kule haisimamiwi na yeyote, na ni humo njiani ugonjwa unapopata nafasi ya kukua.

Ninalolalamikia ni jinsi tunavyoutumia umri wa mgonjwa. Kijana akija na kidonda mdomoni tunamwambia bado ni mdogo, hiyo haiwezi kuwa saratani. Mzee akija nacho tunamwambia ni uzee, na ikithibitika kuwa ni saratani tunaishauri familia imwache apumzike. Kwa njia hizo mbili tunawapoteza watu waliokuwa na nafasi ya kupona, halafu kwenye takwimu inaonekana kana kwamba umri ndio uliowaua.

Nianze na kijana, maana huyo ndiye anayeniuma zaidi.

Dada mmoja wa miaka 29, msusi, alikuja kwangu na kidonda ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto. Alikuwa amebeba daftari lake la matibabu, lile la shule la kurasa 32 tunalowaambia wagonjwa wanunue dukani nje ya geti. Ndani mlikuwa na miandiko ya watu watatu. Wa kwanza alimwandikia dawa ya kusukutua na vitamini. Wa pili, antibiotiki. Wa tatu, dawa ya fangasi na kipimo cha VVU, ambacho hakikuonyesha maambukizi. Katikati ya hayo alikuwa akipitia kemisti mtaani kila maumivu yalipozidi, ananunua jeli ya kupaka anaendelea na kazi. Miezi ilikuwa imekwenda. Kati ya wote watatu, hakuna aliyeandika kidonda kina ukubwa gani, wala kwamba alimpapasa shingo. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kukigusa. Akasema walimulika kwa tochi ya simu kutoka ng'ambo ya meza.

Nilivaa glavu, nikaukamata ulimi kwenye ncha kwa kipande cha shashi, nikauvuta kando. Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa. Ukucha wa kidole gumba ungekifunika. Lakini kingo zake zilikuwa zimeinuka, na nilipokibonyeza nilihisi ugumu uliozama ndani kupita pale macho yalipokuwa yanaona. Chini ya taya, upande ule ule, kulikuwa na tezi ngumu isiyouma. Dada huyu havuti sigara, hanywi pombe, hatafuni chochote. Ndiyo maana kila aliyemwona kabla yangu aliridhika kwamba ni kidonda tu.

Tezi ile ilikuwa na maana kubwa kuliko kidonda, maana saratani ya kinywa ikianza kusambaa huingia kwanza katika tezi za shingo. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia katika seli bapa za ule utando laini unaofunika ulimi, mashavu na ufizi. Uvimbe ukiwa haujazidi sentimita 2 kwa upana na milimita 5 kwa kina, na haujagusa tezi, hiyo ni hatua ya kwanza, na mara nyingi upasuaji peke yake unatosha. Tezi moja tu ya shingo ikishaingiwa, mgonjwa anahesabiwa kuwa katika hatua ya tatu kati ya nne hata kama kidonda chake bado ni kidogo, na nafasi yake ya kuishi inapungua kwa karibu nusu. Sasa anahitaji kupasuliwa ulimi na shingo, kisha mionzi, pengine na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, juu yake. Marekani, ambako hesabu hizi zimewekwa kwa miaka mingi, saratani za kinywa na koo zikigunduliwa zikiwa bado pale zilipoanzia, zaidi ya watu 80 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Zikigunduliwa zimeshasambaa mbali mwilini, hubaki kama 40. Hapa kwetu wengi wanafika hospitali za rufaa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Muulizeni daktari yeyote mpasuaji wa kinywa na taya jijini, atawaambia hivyo hata kabla hajafungua faili.

Je, umri wenyewe una uzito gani? Swali hili limewagawa watafiti kwa miongo. Tafiti za zamani, nyingi za hospitali moja moja zenye vijana wachache, ziliacha dhana kwamba saratani ya ulimi ikimpata kijana huwa kali kuliko ikimpata mzee. Zilipokuja tafiti kubwa zinazotumia rejista za saratani na kulinganisha wagonjwa wa hatua moja, wa sehemu moja ya kinywa, waliopata matibabu yanayofanana, nyingi zilikuta vijana wanaishi sawa na wakubwa wao au zaidi. Ubishi haujaisha, na sehemu yake inatokana na kwamba mtafiti mmoja anamhesabu kijana kuwa mtu wa chini ya miaka 40, mwingine chini ya 45, mwingine chini ya 30. Lakini katika ubishi wote huo, jambo moja linajirudia: hatua ambayo ugonjwa umefikia siku ya kugunduliwa ina uzito kuliko mwaka wa kuzaliwa wa mgonjwa. Kwa hiyo kijana aliyecheleweshwa kwa sababu ni kijana ananyang'anywa hata ile nafuu ambayo mwili wake ungempa.

Naelewa kwa nini mwenzangu katika zahanati anamtazama binti wa miaka 29 na wazo la saratani halimjii. Huu kwa kawaida ni ugonjwa wa watu wazima. Marekani nusu ya wagonjwa hugunduliwa wakiwa wamepita miaka 64, na sababu iko wazi: tumbaku na pombe huchukua miongo kuharibu seli hadi zigeuke, na mtu anayetumia vyote viwili anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya ile ya kujumlisha kimoja na kingine. Vijana wanaoingia zahanati na vidonda mdomoni karibu wote wana vidonda vya kawaida tu. Lakini vidonda vya kawaida vina tabia ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua: hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Kinachotenganisha kidonda cha kawaida na cha hatari ni muda na ugumu wake chini ya kidole. Vyote viwili vinapimwa bure. Na katika nchi kadhaa madaktari wameshaona ongezeko la saratani ya ulimi kwa vijana wasiovuta sigara wala kunywa, wengi wao wanawake, na hadi leo chanzo chake hakijaeleweka vizuri. Hatuwezi kuendelea kumtoa mtu kwenye orodha kwa sababu tu hafanani na mgonjwa tuliyemsoma chuoni.

Waheshimiwa, sisemi umri hauna kazi yoyote. Una mahali pake, na ni muhimu mpaka huo uwe wazi katika miongozo yenu. Tukitaka kuwatafuta watu wazima wasio na dalili yoyote na kuwakagua, hapo lazima tuchague, na umri ni kigezo kizuri cha kuchagulia. Huko Trivandrum, katika jimbo la Kerala nchini India, utafiti ulioanza mwaka 1996 uliwahusisha watu zaidi ya 190,000 wa miaka 35 na zaidi. Waliowakagua hawakuwa madaktari; walikuwa wahitimu wa kawaida waliofunzwa kutazama kinywa kwa macho na mwanga mzuri, na kila aliyekutwa na baka jeupe, baka jekundu au kidonda cha kutia shaka alipelekwa kwa daktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Kwa wasiotumia hakukuwa na faida iliyoonekana. Somo la huko linatufaa moja kwa moja: kagua watu wa miaka 35 kwenda juu wanaotumia tumbaku au pombe, na usihangaike kukagua kila mtu mzima mwenye afya mjini.

Mtu akishaingia mwenyewe na kidonda kisichopona, hapo tumetoka kwenye kutafuta, tuko kwenye kuchunguza. Umri hauna tena la kutuambia. Na hapo ndipo tunapokosea kila siku.

Ombi langu la kwanza ni waraka mmoja mfupi, wenye sahihi zenu zote mbili, uende kwa kila zahanati, kituo cha afya na hospitali jijini: kidonda, baka jeupe au jekundu, au uvimbe wowote mdomoni uliopita wiki mbili bila kupona unapewa rufaa, siku hiyo hiyo, ya kuchukuliwa kipande cha nyama kikapimwe saratani maabara, awe mgonjwa ana miaka 19 au 90. Ukiwa karibu na jino kali au meno bandia yanayokwaruza, jino lisawazishwe au meno hayo yatolewe, na mgonjwa aandikiwe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, si "rudi ikizidi". Waraka utaje pia dalili zinazojificha chumbani kwangu: jino linalolegea kwa mtu asiye na ugonjwa wa fizi, tundu la jino lililong'olewa ambalo halifungi, ganzi mdomoni au kwenye kidevu, maumivu ya sikio upande mmoja ilhali sikio lenyewe ni zima, uvimbe wa shingo. Sisi wa meno tunapaswa kuwa wa kwanza kubanwa na waraka huo. Jino lililolegezwa na uvimbe likitolewa bila kufikiri, mgonjwa anarudi nyumbani akiamini ametibiwa.

Nakala ya waraka huo iende kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mlango wa kwanza wa mgonjwa wa Nairobi ni kemisti, kwa sababu iko karibu, haina foleni, na inauza dawa nusu dozi kwa mwenye hela kidogo. Muuzaji anayeuza jeli ya kidonda kwa mtu yule yule kwa mara ya tatu yuko mahali pazuri kuliko sisi wote pa kumwambia aende akapimwe. Hakuna aliyewahi kumwambia muuzaji huyo kwamba hilo ni jukumu lake.

Rufaa bila mahali pa kufikia ni karatasi tu, na hapa nataka kukaa kidogo. Kuchukua kipande cha nyama mdomoni ni kazi ya dakika chache chini ya sindano ya ganzi, ile ile ninayotumia kung'oa jino. Vifaa vyake ni kisu kidogo, uzi, na chupa ya formalini, dawa ya maji inayozuia kipande kisioze. Daktari wa meno aliye hospitali ya kaunti ana ujuzi huo. Kinachokwamisha ni chupa na maabara. Nimeona wagonjwa wakikabidhiwa chupa yenye kipande cha ulimi wao wenyewe, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, waambiwe watafute maabara ya kibinafsi mjini walipie. Wengine wanafika nayo nyumbani na kuiweka juu ya kabati wakisubiri mwisho wa mwezi. Kaunti inaweza kumaliza aibu hii kwa kuteua hospitali zake mbili au tatu ziwe vituo vya kuchukulia vipande, zipewe formalini, na pikipiki izunguke kila siku kuvipeleka kwa mtaalamu wa patholojia, anayevichunguza kwa darubini, kwa mkataba unaolipwa na serikali, majibu yarudi kwa simu kwa aliyeandika rufaa. Bodaboda wanaleta chakula cha mchana maofisini kote mjini kwa nusu saa. Na gharama ya kipimo hiki cha kwanza isitoke mfukoni mwa mgonjwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inalipia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa mwaka kwa kila kaya, lakini mtu hawezi kuufikia mlango huo kama hajathibitishwa kwamba ana saratani, na kithibitisho ndicho anachokosa hela ya kukilipia. Kwa mfuko wenyewe pia ni hasara: mgonjwa wa hatua ya kwanza anamaliza kwa upasuaji mmoja, wa hatua ya nne anakula kiwango chote cha kaya yake kabla mionzi haijaisha.

Baada ya majibu kuna saa nyingine inayohesabu. Mionzi baada ya upasuaji inatakiwa ianze ndani ya wiki 6, nayo huchukua kama wiki 6, siku tano kwa wiki. Kabla yake mgonjwa analetwa kwetu kung'olewa meno mabovu, kwa sababu taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri likijeruhiwa, na tundu la jino linahitaji kama wiki mbili kufunga kabla mashine haijawashwa. Wengi wanaletwa siku chache kabla ya mionzi, tukalazimika kuchagua kati ya kuchelewesha matibabu na kuhatarisha taya. Simu moja ingetosha kuzuia hilo wiki kadhaa nyuma.

Yule dada alikatwa karibu nusu ya ulimi. Anaongea, na ukimzoea unamwelewa vizuri. Hajarudi saluni, anasema wateja wanapenda kupiga gumzo na yeye sasa anachoka mapema. Ana mtoto wa darasa la pili.

Sasa nije kwa wazee wetu.

Mstaafu wa reli, miaka 76, aliletwa na binti yake. Ametumia ugoro tangu ujana wake, anauweka kati ya ufizi na shavu la kulia, na ni pale pale pamemea kitu. Alikuwa ameshapita hospitalini mahali fulani, na kwenye karatasi aliandikiwa dawa za maumivu na maneno kwamba kutokana na umri wake hafai kwa upasuaji. Hakukuwa na kipimo cha moyo, wala cha damu, wala swali lolote kuhusu maisha yake. Binti alisema baba yake anaishi ghorofa ya tatu, anapanda na kushuka ngazi kila asubuhi kwenda kununua gazeti, anapika mwenyewe, na ndiye anayeshika hesabu za chama chao cha wazee. Alipopelekwa kwingine na kupimwa inavyotakiwa, timu iliona anafaa, akapasuliwa. Alikaa wodini, akatoka, na anapika tena, ingawa sasa ni vitu laini.

Kuna ukweli ndani ya wasiwasi wa waliomkataa, na sitaki kuupuuza. Wagonjwa waliopita miaka 70 wanaishi muda mfupi zaidi baada ya kugunduliwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wanafariki kwa magonjwa mengine, shinikizo la damu, kisukari, moyo, na hesabu isiyotenganisha vifo hivyo inaifanya saratani ionekane haitibiki kwao. Sehemu nyingine ni mwili wenyewe kuchoka. Na kuna tiba ambazo umri unabadilisha faida yake kweli: kemo inayoongezwa juu ya mionzi humsaidia mgonjwa mdogo, faida hiyo ikapungua kadiri miaka inavyopanda, na baada ya 70 haionekani wazi. Daktari anayemwondolea mzee kemo kwa sababu hiyo anafanya kazi nzuri. Lakini sehemu ya tatu ya tofauti tunaitengeneza sisi. Tafiti katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba wazee hupewa matibabu pungufu kuliko wadogo wenye ugonjwa wa hatua ile ile: upasuaji unaachwa, mionzi inafupishwa, tezi za shingo haziondolewi. Kisha wakifa mapema tunasema tulijua.

Njia ya kutenganisha mzee anayeweza na asiyeweza ipo na haina gharama kubwa. Kuna dodoso fupi la maswali 8 linalotumiwa na madaktari wa saratani kwa wazee: anakulaje, amepungua kilo, anatembea mwenyewe, kumbukumbu yake ikoje, anameza dawa ngapi, anaionaje afya yake akijilinganisha na wenzake. Muuguzi analijaza kwa dakika chache. Naomba mwongozo wa kitaifa uelekeze kwamba hakuna mgonjwa wa saratani ya kinywa atakayenyimwa upasuaji au mionzi kwa sababu iliyoandikwa "umri". Sababu iandikwe ni moyo, ni figo, ni lishe, ni yeye mwenyewe amekataa baada ya kuelezwa. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi na umri umetajwa humo kwa jina. Ibara ya 57 inazungumzia heshima ya wazee. Na mzee aulizwe yeye. Katika familia zetu ni rahisi watoto wakakubaliana na daktari kwenye korido huku baba ameketi ndani anasubiri kuambiwa, na wanafanya hivyo kwa mapenzi. Wapo wazee watakaosema imetosha, wapeni dawa za maumivu za kutosha na muwaache na watu wao, huo pia ni uamuzi wa kuheshimiwa. Uwe uamuzi wao.

Kuhusu kinga nitasema machache, ila kuna moja linalohusu umri na halisemwi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya Wakenya wa miaka 15 na zaidi wanatumia tumbaku. Kwa wanawake, wanaovuta hawafiki hata mmoja kati ya 100, lakini wanaotumia ugoro na tumbaku ya kutafuna ni karibu 4 kati ya 100. Fomu zetu zinauliza "unavuta sigara?" Mama wa miaka 60 anayenusa na kuweka ugoro tangu aolewe anajibu hapana, na anasema kweli. Anaondolewa kwenye kundi la hatari kwa swali bovu. Fomu iulize kwa majina: sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna, tambuu na popoo, pombe. Na iulize kwa kijana vile vile, kwa sababu aliyeanza kutafuna akiwa shuleni anafika miaka 40 akiwa na robo karne ya sumu ufizini. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18. Njooni mjionee vibanda vilivyo karibu na shule za mitaa yetu saa kumi jioni.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaofikia 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, tayari wanaingia nyumbani kupima presha na sukari. Kwa mafunzo ya siku chache wanaweza kumwomba mtu wa miaka 35 na zaidi anayetumia tumbaku au pombe afungue mdomo, atoe ulimi, auinue, ageuze shavu, kama walivyofanya wale wahitimu wa Kerala. Kliniki za kisukari na za VVU zifanye vivyo hivyo, kwa kuwa watu wale wale wanarudi kila baada ya muda na hakuna anayetazama juu ya kidevu. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipopitisha azimio la afya ya kinywa, na mpango wa utekelezaji wake unakwenda hadi 2030. Miaka iliyobaki ni michache.

La mwisho ni takwimu. Duniani, mwaka 2022 pekee, watu karibu 390,000 walipata saratani ya mdomo na kinywa na karibu 188,000 wakafariki. Hapa nyumbani tunayo Rejista ya Saratani ya Nairobi, iliyo chini ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na tunayo Taasisi ya Kitaifa ya Saratani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Naomba watoe kila mwaka jedwali moja la saratani ya kinywa kwa Kaunti ya Nairobi linaloonyesha umri wa mgonjwa na hatua ya ugonjwa kwa pamoja, na siku ngapi zilipita kati ya mara ya kwanza alipomwona mhudumu yeyote na siku alipochukuliwa kipande. Hospitali zilazimike kujaza hatua ya ugonjwa. Rekodi isiyo na hatua haitusaidii. Jedwali hilo litatuonyesha kama vijana wanachelewa kuliko wengine, na kama wazee wa hatua ya pili wanatibiwa kama vijana wa hatua ya pili. Mkitaka kujua kama waraka niliouomba umefanya kazi, mtaangalia hapo.

Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa wenye mamlaka, nami nimeitumia. Mimi na wenzangu kadhaa wa meno tumeshaandika rasimu ya waraka wa wiki mbili, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na mchoro wa sehemu za kinywa za kukagua. Tuelekezeni tuiwasilishe ofisi gani, na mtujibu hadharani kwa tarehe: utatoka lini, na formalini itafika lini hospitali za kaunti.

Wenu katika utumishi wa umma,

Afisa wa afya ya kinywa, Eastlands, Nairobi